Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: korongo taji wa Mto Kagera

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KORONGO TAJI WA BONDE LA MTO KAGERA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla sijaenda mbali, naomba wasaidizi wako wasiipeleke barua hii kwa wataalamu wa mmomonyoko wa udongo. Korongo ninaowasema wana mabawa. Ni wale ndege warefu wenye kishungi cha dhahabu kichwani, shavu jeupe na kifuko chekundu kooni, wanaopita mashambani polepole kama mkaguzi wa shule aliyekuja bila taarifa. Uganda wamemweka kwenye bendera yao tangu 1962. Buganda kuna ukoo mzima wa Ng'aali, na ndiyo mwiko wao. Ng'ambo ya mto, Wanyarwanda wanamwita umusambi. Sisi wa upande huu hatujampa cheo chochote, na pengine ndiyo maana imebidi mwalimu mstaafu wa Kyerwa achukue kalamu.

Nina deni na ndege huyu. Nilikuwa darasa la tano, mwaka 1974, ule wa Operesheni Vijiji, Kyerwa ikiwa bado ni Karagwe. Tulikuwa wavulana watatu tunachunga bondeni. Katikati ya ndago tukaona kifaranga cha rangi ya udongo, miguu mirefu kuliko mwili, kinajificha kwa kuinamisha kichwa tu. Wazazi wake walikuwa hatua ishirini hivi kutoka tulipo. Waliruka, wakatua, wakaruka tena, wakatupigia kelele mpaka ng'ombe wakaacha kula. Nikamfunga kifaranga kwenye shati langu la shule na kumpeleka nyumbani.

Baba alifurahi. Siku hizo korongo uani ilikuwa dalili ya mtu aliyejipata. Kifaranga alipoanza kuota manyoya ya kurukia, akaitwa fundi cherehani na mkasi wake, akakata ya bawa la kulia. La kushoto aliliacha. Nilimuuliza kwa nini asikate yote mawili, akanijibu kwamba ndege mwenye bawa moja haendi mbali, na aliyekatwa yote anapendeza kidogo.

Tulimwita Bwana Shauri, kwa mwendo wake. Aliishi nasi miaka sita. Alikula mende, mchwa, mahindi yaliyomwagika, na msimu wa senene alishindana na sisi watoto na mara nyingi alitushinda. Mvua za kwanza zikinyesha alicheza. Ungemwona anainamisha shingo, anafungua mabawa, anaruka juu futi mbili tatu, anatua, anarusha kijiti hewani. Ngoma ile ni ya wawili au ya kundi zima. Yeye aliwachezea kuku, na kuku wakampisha.

Jioni makundi yalipita juu yakielekea kulala ng'ambo, yakiita ile sauti yao kama baragumu iliyoingia maji. Bwana Shauri aliitikia kila mara. Kisha alikimbia kwenye njia ya migombani, mabawa wazi, akainuka kidogo, akapinda upande wa kulia na kuanguka. Siku moja mama akasema, "Mwacheni aende zake." Baba akajibu, "Aende wapi? Hajui hata kwao."

Usiku mmoja mbwa walimkuta uani. Nilipofika chuo cha ualimu nikasoma kwamba katika aina zote 15 za korongo duniani, ni hawa wenye taji wa Afrika peke yao wanaoweza kulala juu ya mti, kwa sababu wana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi. Mti tulikuwa nao, mvule mkubwa, hatua kumi kutoka pale alipofia.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, uliwaweka korongo taji wa kijivu katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya kuonekana kwamba kwa miongo michache wamepungua zaidi ya nusu. Sababu zinafahamika: mabonde yanakaushwa, mayai na vifaranga vinaibwa, wengine wanalishwa sumu, wengine wananasa kwenye nyaya za umeme. Tangu hapo imeanza kusikika hoja, nami nimeisikia kwa masikio yangu kwenye kikao kimoja na vijiweni mara nyingi, kwamba dawa ni "mradi wa kurejesha". Tujenge kituo. Tutotoleshe mayai. Tulee vifaranga, tuwapige picha, tuwaachie porini mbele ya wageni rasmi. Hoja hiyo inapigiwa makofi. Inapendeza kuliko kusema "tuache bonde lilivyo", maana bonde lilivyo halina jiwe la msingi la kuzindua.

Ninakuomba usiisaini hoja hiyo, walau si kwa sasa. Nitakueleza kwa nini, na nitaanzia mbali kidogo, Amerika Kaskazini, kwa sababu huko wamejaribu kila kitu kwa fedha ambazo sisi hatuna.

Wana korongo wao mkubwa mweupe, mwenye ncha nyeusi za mabawa, anayesimama karibu mita moja na nusu. Mwaka 1941 walipowahesabu waliobaki porini, walifika ishirini na kidogo tu. Kundi kubwa kati ya hao lilikuwa linazaa kaskazini mwa Kanada, mahali panapoitwa Wood Buffalo, na kila mwaka linasafiri maelfu ya kilomita kwenda kukwepa baridi kwenye pwani ya Texas, Aransas. Serikali ya Marekani ilikuwa imeitenga Aransas kuwa hifadhi ya ndege tangu 1937.

Hofu ikawa hii: kimbunga kimoja au ugonjwa mmoja ungewamaliza wote. Kwa hiyo wakaamua kuanzisha kundi la pili. Mwaka 1975 walianza kuchukua mayai ya korongo weupe na kuyaweka kwenye viota vya korongo wa aina nyingine, wa kijivu, kule Idaho. Wazazi wa kambo walikuwa wema. Wakaatamia, wakalea, wakawaonyesha njia ya kusafiri. Vifaranga vikakua vyeupe kabisa na vikajiona vya kijivu. Vilipofika umri wa kuoa na kuolewa, havikutazamana. Walitafuta wenzi kwa wale waliowalea, na hakuna jozi ya weupe iliyozaliana pale. Mradi ukafungwa.

Wakasema basi tuwalee wenyewe, ila vifaranga wasijue kwamba walezi wao ni watu. Hapa, Mheshimiwa, ndipo hadithi inaponifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja. Walezi walivaa kanzu nyeupe ndefu na kofia ya kuficha uso. Mkono mmoja walivaa kichwa cha korongo cha bandia, na kwa mdomo wa kichwa hicho walimwonyesha kifaranga jinsi ya kuokota chakula na kunywa maji. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mbele ya vifaranga. Kisha wakaja na ndege ndogo ya mtu mmoja, bawa la turubai, injini mgongoni. Vifaranga vilisikilizishwa mlio wa injini ile tangu vikiwa ndani ya mayai. Vikakimbizana nayo ardhini, vikajifunza kuruka nyuma yake, na mwaka 2001 rubani akiwa kwenye kanzu yake nyeupe akaongoza kundi la kwanza kutoka Wisconsin mpaka Florida, karibu kilomita 2,000, siku baada ya siku, wakilala kwenye mashamba ya watu. Kukiwa na upepo mbaya hawakuruka.

Na ilifanya kazi! Hili nalisema kwa heshima zote. Majira ya joto yaliporudi, wale korongo walirudi kaskazini wenyewe bila rubani. Walifundishwa njia ya kwenda tu, ya kurudi wakaijua. Mimi niliyefundisha jiografia miaka thelathini na tano sijawahi kupata mwanafunzi wa namna hiyo.

Lakini tazama kilichofuata. Februari 2007 dhoruba iliwakuta vijana 18 wa msimu ule wakiwa kwenye zizi lao la Florida. Kati ya hao 17 wakafa usiku mmoja. Kule Wisconsin, wale waliokua wakaanza kutaga mayai, watu wakashangilia, kisha siku chache baadaye viota vikakutwa vimeachwa na mayai yamepoa. Ilichukua miaka kujua kisa. Eneo walilochaguliwa lina visubi, wale inzi wadogo weusi wanaouma, na visubi huibuka kwa wingi wakati uleule wa kuatamia. Korongo aliyekaa tuli juu ya mayai hawezi kuwavumilia. Watu walikuwa wamewaza njia, kanzu, injini na hali ya hewa. Visubi hawakumwuliza mtu.

Mwanzoni mwa 2016 idara ya wanyamapori ya Marekani ilisitisha safari za ndege za injini, kwa hoja kwamba malezi yale yalikuwa na mkono wa mtu mno, na kwamba korongo waliolelewa hivyo hawakuwa wazazi hodari. Kundi lile la mashariki lipo mpaka leo, lakini bado haliwezi kujiendesha bila kuongezewa vijana wanaolelewa na watu.

Je, lile kundi la zamani, la Wood Buffalo na Aransas? Hao hawakulishwa kwa kichwa cha bandia wala kufuata injini. Walichofanyiwa ni kulindiwa mahali pa kuzaa, mahali pa kukwepea baridi, na kukatazwa wawindaji wasiwapige. Kila mzazi alimwonyesha mwanawe njia, mwana akamwonyesha mjukuu. Leo wamepita 500. Ndugu zao waliofundishwa na watu, kwa fedha nyingi na akili nyingi, hawajafika popote karibu na hapo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na jibu lake. Hajui hata kwao. Korongo hazaliwi akijua kila kitu. Bonde lipi lina maji mwezi wa tano, mti gani hauna chui, shamba gani lina panzi baada ya kulimwa: hayo anayapata kwa kutembea na wazazi wake miezi kadhaa. Korongo taji wetu hawasafiri kutoka bara moja kwenda jingine kama wale weupe. Wanazungukia eneo lao kufuata maji na chakula. Lakini shule ni ileile. Ukimtoa kifaranga bondeni ukamtotolesha kwenye sanduku la umeme, umepata ndege. Shule umeiua, na ukishaiua utahitaji kuvaa kanzu.

Mtu atanijibu kwamba Rwanda wamerejesha korongo porini, na wamefanikiwa. Ni kweli, tena ningependa sana wataalamu wako wavuke mto wakaone. Ila waangalie vizuri ni nini hasa kilichofanyika kule.

Rwanda walikuwa na tatizo la Bwana Shauri nchi nzima. Mahotelini, kwenye nyumba za wakubwa, kwenye bustani, kila mwenye uwezo alitaka umusambi wa kumpendezeshea majani. Wengine walikatwa manyoya, wengine walivunjwa mabawa. Daktari wa mifugo aliyekuwa akitibu sokwe wa milimani, Olivier Nsengimana, alianza mwaka 2014 kazi ya kuwaondoa huko, akishirikiana na mamlaka za nchi hiyo, na baadaye akaanzisha chama cha uhifadhi wa wanyamapori. Hawakutotolesha kitu. Waliwatafuta korongo waliokuwa tayari kwenye nyua za watu, wakawasajili mmoja mmoja, wakatangaza redioni kwamba hakuna atakayeshtakiwa kwa kujisalimisha. Ndege walipimwa afya, wakavishwa pete mguuni, wakakaa karantini, kisha wakapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera kwenye eneo la kuzoea. Manyoya yaliyokatwa kwa mkasi huota upya ndege anapobadilisha manyoya, na kadiri yalivyoota walianza kuruka na kuwafuata wenzao wa porini, ambao bado walikuwapo. Walimu walikuwa hawajafa.

Wale waliovunjwa mabawa hawakuachiwa. Mfupa uliokatwa hauoti. Hao walijengewa mahali pao kwenye bonde lililofufuliwa pembezoni mwa Kigali, panaitwa Umusambi Village, na watoto wa shule wanakwenda kuwaona wakiwa wanatembea majini badala ya kwenye saruji ya hoteli.

Hesabu ya nchi nzima ya Rwanda mwaka 2017 ilipata korongo 487. Ya mwaka 2023 ilipata 1,293. Waliotolewa kwenye nyua za watu ni mia mbili na kitu tu. Waliobaki kwenye ongezeko hilo hawakubebwa na gari la mradi wowote, na mimi naamini ni kwa sababu wizi wa vifaranga ulipungua na mabonde yakapumua.

Na Hifadhi ya Akagera, Mheshimiwa, inatazamana na sisi. Katikati kuna mto tu. Korongo hana pasi ya kusafiria wala hajui kituo cha uhamiaji kilipo. Ndege aliyehangaikiwa miaka mitatu Kigali anaweza kuamka Akagera asubuhi na kula kifungua kinywa Kyerwa. Naomba tusiwe sisi tunaomkuta na mkasi.

Hilo la mkasi lipo mpaka leo. Mwaka juzi nilihudhuria harusi ya mtoto wa rafiki yangu kwenye hoteli moja, mji sitautaja na hoteli sitaitaja. Bustanini walikuwamo korongo wawili. Mmoja alikuwa anazungukazunguka karibu na spika. Nilimsogelea nikaangalia bawa la kulia. Nikamwuliza mhudumu wamewatoa wapi, akasema, "Mzee, hao wapo tangu zamani, ni wa bosi." Wageni walipiga nao picha. Sikupiga, wala sikusema kitu kwa mwenye hoteli, maana nilikuwa nimevaa suti na nimekula pilau yake, na hiyo ni aibu yangu ya pili baada ya ile ya 1974.

Mwaka 2016 Serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na nilishangilia. Lakini korongo wa bustanini hasafirishwi popote. Anahama kutoka bondeni kwenda uani, kilomita kumi, kwenye tenga, juu ya pikipiki. Zuio la uwanja wa ndege halimwoni. Ninaloliomba ni msamaha wa muda, miezi sita hivi, utangazwe redioni kwa lugha ambayo mtu wa kijijini na bosi wa hoteli wote wanaielewa: mlete ndege, asajiliwe, hutashtakiwa. Baada ya hapo sheria ya wanyamapori ya 2009 ichukue mkondo wake. Tusianze na mgambo. Tukianza na mgambo, ndege watachinjwa usiku na kufukiwa, na mzee wangu angekuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Sasa bonde. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ugomvi.

Korongo taji hujenga kiota ndani ya maji. Anakanyaga ndago na matete mpaka yanakuwa jukwaa, anataga mayai mawili mpaka manne, na wote wawili, baba na mama, wanapokezana kuatamia kwa mwezi mmoja. Kifaranga kinapotoka kinatembea siku ileile, lakini hakiruki kwa miezi miwili au mitatu. Hesabu hapo: ni miezi mitatu mpaka minne ambayo familia hiyo haiwezi kuhama. Katika miezi hiyo mtu akichoma matete, akichimba mfereji wa kukausha, akileta mbwa au mvulana mwenye shati la shule, msimu umekwisha.

Bonde letu ninalolijua tangu utotoni limebaki kama theluthi. Sehemu ya juu ni maharage na mahindi ya kiangazi. Sehemu ya kati wanafyatua matofali, na tanuri linataka udongo na kuni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Kila mtu hapa anaijua "mita sitini", hata watoto wanaiimba, lakini kwenye vijito vya mabondeni sijawahi kuona kigingi. Na nikiwa mkweli, mama watoto analima huko pia. Analalamika kila mwaka kwamba korongo wanafukua maharage yakianza kuchipua, na hadanganyi, nimewaona. Nimewaona vilevile wakipigapiga miguu shambani kuwashtua wadudu na kuwala mmoja mmoja, lakini ukimweleza mtu aliyepoteza mbegu habari za wadudu atakutazama tu.

Kwa hiyo siombi watu wafukuzwe bondeni kwa tingatinga. Naomba vigingi viwekwe kwa kushirikiana na serikali za vijiji, mahali palipobaki matete paachwe, watu waendelee kukata majani ya mifugo na ya kuezekea nje ya miezi ya kuzaa, na moto upigwe marufuku mpaka vifaranga viruke. Wanaolima jirani na viota waruhusiwe kulinda mbegu kwa kufukuza, bila sumu. Kuweka vijana wawili kila kijiji wa kuangalia viota na kuwalipa posho ya kawaida ni nafuu kuliko mashine moja ya kutotolesha, ambayo huku umeme ukikatika mara tatu kwa wiki itatuletea mayai ya kuchemsha.

Nikitaja umeme nakumbuka Rugezi. Ni bonde kubwa la kaskazini mwa Rwanda, nalo ni mojawapo ya mahali pakuu pa umusambi. Wakulima walilikausha kwa mifereji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji yakapungua katika maziwa ya Burera na Ruhondo, kituo cha umeme cha Ntaruka kikadorora, Kigali ikaingia gizani na nchi ikakodi majenereta ya dizeli. Ndipo serikali yao ikazuia kilimo ndani ya bonde, ikapanda majani na miti kwenye kingo. Maji yakapanda, umeme ukarudi. Korongo wakafaidika bila kutajwa kwenye bajeti. Ninalisema hili kwa ajili ya wenzako wa Fedha watakapouliza ndege analeta nini. Wewe waambie habari ya maji, ndege atapanda humohumo.

Mwaka 2019 mlipandisha hadhi mapori ya huku kwetu yakawa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ahsanteni. Lakini mabango mengi tuliyoyaona yana picha za simba na tembo. Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa inapakana na Rwanda na Uganda kwa pamoja, nchi mbili ambazo zinamheshimu korongo huyu kuliko sisi. Ningefurahi kuona wahifadhi wa TANAPA wakiwa na daftari moja la pamoja na wenzao wa Akagera: tumemwona ndege mwenye pete namba fulani, mahali fulani, tarehe fulani. Mimi mwenyewe naweza kuandika hilo daftari bila posho, nina muda na nina darubini ya kununua mnadani.

Na kama siku moja itatokea kwamba kweli wameisha kabisa mahali fulani, hakuna wa kuwafuata wala wa kuwafunza wengine, hapo tuzungumze habari ya kituo na kanzu. Sijafunga mlango. Wamarekani walifika hapo kwa sababu walibakiwa na ishirini na kidogo. Sisi bado jioni tunasikia baragumu.

Msimu huu kuna jozi imetaga kwenye kipande cha bonde kilichobaki chini ya kijiji chetu. Ninawatazama kutoka juu ya kichuguu, sisogei zaidi ya hapo. Mayai nadhani ni matatu. Nimezungumza na vijana wanaochunga ng'ombe, wawili ni wajukuu wa wale niliokuwa nao mwaka 1974, na wamekubali kupitisha mifugo upande wa pili mpaka Juni. Mtendaji wa kijiji ana habari.

Ukimtuma mtu kuja kuona, aje kabla ya saa mbili asubuhi. Gari aliache barabarani, avae viatu vya mvua, na asije na mbwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera.

Nakala: Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, Mkuu wa Mkoa wa Kagera.